"HAKUNA MATATA": MANENO YETU YALIYOSAFIRI YAKARUDI

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule niseme machache juu ya maneno mawili ambayo hapana mwanafunzi wa shule hii asiyeyatamka, tangu wa Kidato cha Kwanza hata wa Kidato cha Nne. Maneno yenyewe ni "Hakuna matata." Yameandikwa kwa chaki juu ya mlango wa bweni letu. Mtu akiteleza mbele ya bwalo akamwaga uji wake, wenzake humwimbia hayo hayo. Mtu akipata alama ndogo katika hesabu, hujifariji kwa hayo hayo. Hata wageni kutoka Ulaya waliotutembelea muhula uliopita, ambao hawakujua hata kuomba maji kwa Kiswahili, walipotelemka tu katika gari walituambia "Hakuna matata," nasi tukawapigia makofi.

Mimi si mwalimu wa lugha, wala sijifanyi mjuzi mbele ya walimu wangu. Umri wangu ni miaka 17. Lakini ninayo sababu ya kuandika habari hizi, nayo nitaieleza mbele bila ya kujificha, ijapokuwa hainipi sifa. Kwanza yafaa tujue maneno haya maana yake nini, na yalisafiri vipi hata yakajulikana dunia nzima.

Neno "matata" latokana na shina "tata." Kitu kilichotatizana ni kitu kilichosongamana, mfano wa mshipi wa mvuvi ulioingia mafundo mpaka hujui ncha iko wapi. Katika shina hilo twapata maneno mengi tunayoyatumia kila siku darasani: tatizo, utata, kutatanisha, na kutatua. Tena tazameni, wenzangu, uzuri wa lugha yetu: kutatua ni kinyume cha kutatiza, kama vile kufungua kilivyo kinyume cha kufunga. Basi wazee waliposema kuna matata mahali, walimaanisha kuna fundo. Na penye fundo hapana budi upatikane mkono wa kulifungua. Ndugu zetu wa Kongo nao wanalo neno hilo hilo matata katika Kiswahili chao, nao hulitumia kwa shida na ugomvi.

Sasa tazameni neno la kwanza, "hakuna." Hilo si neno la kushauri wala la kuamuru. Ni neno la kutoa habari. Nikisema "hakuna maji kisimani," nimekupa habari, nayo yaweza kuwa kweli au uwongo. Ukitaka kujua, utakwenda kisimani utazame. Kadhalika nikisema "hakuna matata," nimekupa habari kwamba nimetazama na sikuona fundo. Kumbe Wazungu walipoyafasiri maneno haya waliyafanya shauri: usiwe na wasiwasi. Lakini wasiwasi u ndani ya moyo, na matata yako nje, katika mambo yenyewe. Mtu aweza kuwa hana wasiwasi hata kidogo na huku nyumba yake inaungua nyuma yake. Tukitaka kumwambia mtu asiwe na wasiwasi, Kiswahili kimekwisha tupa neno lake, nalo ni "usijali," au "usitie shaka." Hizi ni mali mbili mbalimbali, na mwenye mali mbili akizichanganya moja itampotea.

Wengine wataniuliza: je, wazee wetu walikuwa wakisema "hakuna matata" katika maongezi yao? Walisema na wanasema, lakini huku kwetu Tanzania aghalabu utasikia "hakuna shida," "hamna tabu," "haidhuru," au "si neno." Huyo anayesema "hakuna matata" kutwa mara kumi, mara nyingi ni mtu azungumzaye na watalii, au mtoto aliyetazama sinema. Na hapo ndipo safari ya maneno haya inapoanza.

Mwaka 1982, bendi ya Kenya iitwayo Them Mushrooms, ambayo ilikuwa ikipiga muziki katika mahoteli ya watalii pwani ya Mombasa, ilitoa wimbo uitwao "Jambo Bwana." Mtunzi wake ni Bwana Teddy Kalanda Harrison. Wimbo huo ulikuwa na maneno mepesi ya kuamkiana, ambayo mgeni aliweza kuyashika kwa siku moja na kurudi nayo kwao, na ndani yake mlikuwamo "hakuna matata." Mwaka uliofuata, 1983, waimbaji wa Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, nao waliuimba kwa namna yao, na maneno yetu yakaanza kusikika Ulaya. Kisha mwaka 1994 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ikatoa picha ya sinema ya katuni iitwayo The Lion King. Humo muna wimbo mwingine, nao jina lake hasa ni "Hakuna Matata," ambao muziki wake ulitungwa na Elton John na maneno yake na Tim Rice, wote wawili Waingereza. Wimbo huo ulikuwa miongoni mwa nyimbo tatu za picha hiyo zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 1997 hadithi hiyo ikaanza kuchezwa jukwaani, na mwaka 2019 picha ikatengenezwa upya. Hivyo ndivyo maneno yaliyotoka pwani yetu yalivyozunguka dunia, na leo mtoto wa Japani au wa Brazil huyajua kabla hajajua Afrika Mashariki iko upande gani wa ramani.

Hapa wapo wanaokasirika. Kampuni hiyo iliomba huko Marekani mwaka 1994 kwamba maneno "Hakuna Matata" yawe alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha malalamiko, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi, wakisema kwamba lugha ya umma haiwezi kuwa mali ya kampuni. Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita msemaji mmoja alisema kwa ukali kwamba sasa tukitamka maneno haya tutashitakiwa. Sivyo. Alama ya biashara haimzuii mtu kutumia kinywa chake. Inahusu kuuza bidhaa zenye alama hiyo katika nchi ilikosajiliwa. Hata hivyo mimi nawaunga mkono waliolalamika, maana bibi yangu hakuomba ruhusa kwa mtu alipojifunza kusema, wala wajukuu wake wasihesabiwe kuwa wageni katika maneno yake. Lakini naona ya kwamba hasara iliyo kubwa kuliko hiyo haikuletwa na kampuni yo yote. Tumejiletea wenyewe, kwa kuyapokea maneno yetu yaliporudi kutoka safarini bila ya kuyakagua mzigo wake.

Wengi wetu tumeiona picha hiyo, lakini sijui ni wangapi waliozingatia hadithi yake. Mtoto wa simba, Simba, baba yake anauawa kwa hila ya Scar, aliye ami yake. Naye Simba anadanganywa kwamba yeye ndiye mwenye kosa, anakimbia nyikani. Huko anaokotwa na wanyama wawili, Timon na Pumbaa, mmoja wa jamii ya nguchiro na mwingine ngiri. Jina la huyo ngiri ni Kiswahili nalo. Sisi twajua kupumbaa ni nini. Hao ndio wanaomfundisha "hakuna matata": ayasahau yaliyopita, ale wadudu, alale, asijishughulishe. Anakua mkubwa katika hali hiyo. Lakini huku nyuma nchi yake inakuwa jangwa na watu wake wanashika njaa. Siku anapojiwa na habari hiyo ndipo anapolazimika kuliacha shauri la rafiki zake, arudi kwao kupambana na matata yenyewe, tena hao rafiki zake wanamfuata kumsaidia. Basi hata picha iliyoyapa maneno haya sifa haikusema kwamba ndiyo njia ya kuishi. Ilisema ni pumziko la mtoto aliyeumia, na kwamba mtu mzima hana budi kutoka pumzikoni. Sisi tumeuchukua wimbo tukaiacha hadithi.

Sasa nitaeleza sababu yangu.

Mwaka huu nilipewa ukiranja wa bweni. Bweni letu lina vitanda 40, na kila usiku kabla ya taa kuzimwa kiranja hupita kuuliza hali ya kila mtu, ili mwenye ugonjwa au shida apelekwe kwa mwalimu wa zamu. Niliona kazi hiyo inachukua muda mrefu, nami nilikuwa na masomo yangu ya mtihani. Nikabuni njia nyepesi. Nikasimama katikati ya bweni nikapaza sauti, "Bweni, habari?" na wote wakajibu kwa pamoja, "Hakuna matata!" kisha nikaandika katika daftari kwamba wote ni wazima. Ilipendeza. Mabweni mengine walituiga. Nami nilijiona kiranja hodari aliyewafanya vijana wachangamke.

Katika bweni hilo yumo mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, mpole, ambaye ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali na kwao. Siku tatu alikuwa na homa. Usiku wa kwanza niliuliza, bweni likajibu. Usiku wa pili niliuliza, likajibu. Usiku wa tatu niliuliza, likajibu kwa kishindo mpaka mabati yakalia. Saa nane ya usiku jirani yake wa kitanda alikuja kuniamsha, akisema mtoto anatetemeka na anasema maneno yasiyoeleweka. Tulimwamsha mwalimu wa zamu, naye hakukawia, akatafuta gari, tukampeleka hospitali. Alikutwa na malaria kali. Daktari hakutukaripia, aliuliza tu homa ilianza lini, na mimi ndimi niliyepaswa kujibu, wala sikuweza. Daftari langu lilisema alikuwa mzima.

Kwa rehema ya Mungu, alipona. Alirudi shuleni baada ya majuma mawili, amekonda, na mimi nilikwenda kitandani kwake kumwomba radhi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, mbona hukusema?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, nilitaka kusema. Lakini jibu lilikuwa tayari."

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Mimi niliuliza swali na jibu nikalitoa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeyageuza maneno ya kutoa habari yakawa kelele. Kijana mpole mwenye homa atawezaje, katikati ya sauti 39 zinazoimba kwamba hapana fundo, kusema kwamba fundo analo yeye? Angeonekana mharibifu wa furaha ya wenziwe. Wazee husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yule mtoto hakuficha maradhi yake. Sisi ndio tuliomfichia.

Hapo ndipo nilipokumbuka namna watu wa kwetu wanavyoamkiana, nikaona kwamba mababu zetu walikwisha lifikiria jambo hili zamani. "Hujambo?" maana yake ni: huna jambo? Nawe wajibu, "Sijambo," yaani sina jambo. Kwa hiyo salamu yetu yenyewe ni "hakuna matata" ya zamani. Lakini sikilizeni vizuri wazee wakiamkiana njiani. Mmoja atauliza, "Habari za nyumbani?" Mwingine atajibu, "Njema." Kisha atanyamaza kidogo, aseme, "Ila mtoto hakulala jana." Au, "Salama, ila mvua imetunyima." Hata mwenye msiba huanza na "salama," kisha huja "ila," na baada ya "ila" ndipo maongezi yenyewe yanapoanza. Yule mwulizaji hakuondoka aliposikia "njema." Alikuwa akingoja. Alijua kwamba "njema" ni adabu ya kufungulia mlango, na "ila" ni mgeni anayeingia.

Hiyo "ila" ndiyo iliyopotea katika safari ya maneno yetu. Wimbo wa watalii haukuihitaji, na hapana haja ya kuulaumu. Mgeni aliyekuja kupumzika juma moja pwani hakuja kuambiwa kwamba mvua imetunyima. Fulana haina nafasi ya kuandika "ila." Lakini sisi hatukuja katika nchi hii kutembea. Hapa ndipo kwetu. Tukizungumza wenyewe kwa wenyewe kwa maneno tuliyowatengenezea wageni, basi tutakuwa wageni wenyewe kwa wenyewe.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema, "Huyu anatuharibia mzaha wetu. Kicheko ni dawa, na shule ya bweni bila ya mzaha ni gereza." Nakubali. Mtu aliyemwaga uji ana haki ya kuchekwa na ana haki ya kuchekea. Hapo kweli hakuna matata, maana fundo halipo, ni uji tu. Wengine watasema, "Maneno haya yamekitangaza Kiswahili." Hilo nalo ni kweli, wala si jambo dogo. Lugha yetu imefika mbali, hata UNESCO mwaka 2021 iliiwekea siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Mimi nafurahi mgeni anaponiamkia kwa maneno yetu. Lakini sifa ya lugha haiko katika kujulikana maneno yake mawili na watu wengi. Iko katika kuweza kuwaambia wenyewe kweli wanapoihitaji. Tena wapo watakaosema ya kwamba moyo wa ushujaa ni kutolalamika. Kwao najibu hivi: mvumilivu hula mbivu, lakini uvumilivu ni wa yule ajuaye anachokivumilia. Asiyetazama ufa hakuvumilia, amefumba macho. Na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi nashauri nini? Sishauri maneno haya yapigwe marufuku. Marufuku hayajapata kuua neno, hulinenepesha. Nashauri mambo matatu tu.

La kwanza ni kwetu wanafunzi. Tuyaseme maneno haya pale tulipokwisha tazama tukaona kweli hapana fundo. Kama hatukutazama, tuseme "ngoja nitazame." Na kama tunataka kumtuliza mwenzetu, tumwambie "usijali, tupo," maana hapo tumemwahidi kitu, nasi tutapaswa kukitimiza.

La pili ni kwa viranja wenzangu, na kwa wale watakaotufuata. Njia yangu nimeiacha. Sasa napita kitanda kwa kitanda, nauliza mmoja mmoja, na mtu akisema "nzuri" nahesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kwenda kitanda kingine. Kazi hii yanichukua karibu nusu saa, na kweli yaniondolea wakati wa kusoma. Lakini katika hizo hesabu tano nimekwisha sikia mengi: mmoja jino lamwuma, mmoja ndoo yake imeibiwa naye aona haya kuomba, mmoja baba yake amehama nyumbani. Yote hayo yalikuwamo bwenini tangu zamani, chini ya ule wimbo wetu.

La tatu, kwa heshima nyingi, ni kwenu wazazi wetu na walimu wetu. Mnapotupigia simu kwa mwalimu mkatuuliza habari, nasi tukajibu kwa haraka kwamba hakuna matata, tafadhalini msikate simu papo hapo. Nyamazeni kidogo. Huenda "ila" iko njiani. Nasi pia tungependa kusikia ya kwenu. Baba akimwambia mwanawe kwamba nyumbani kote ni salama, na huku ameuza baiskeli yake ili apate nauli na madaftari ya mtoto, amefanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mtoto akijua kweli atasoma kwa bidii zaidi, wala hatavunjika moyo. Sisi si watalii katika nyumba zenu.

Juu ya mlango wa bweni letu yale maandishi bado yapo. Vijana waliniuliza kama tuyafute, nikawaambia tuyaache, maana ni Kiswahili chetu na yana historia yake. Lakini yule mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza alichukua chaki, akapanda juu ya kiti, akaongeza neno moja fupi mwishoni mwake, na nukta tatu. Sasa yasomeka hivi: "Hakuna matata, ila..."

Kila aingiaye hulisoma. Na wengine husimama hapo mlangoni, wakamalizia wenyewe.



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne